Seyyid Khalifa bin Harub na Kiti cha Baraza

Wengi katika wasomaji wetu wamepata kuziona stempu za zamani za Unguja zenye sura ya mzee mwenye ndevu nyeupe na kilemba cha kifalme. Mzee huyo ni Seyyid Khalifa bin Harub bin Thuwaini bin Said, aliyekaa katika kiti cha usultani tangu mwaka wa 1911 hata mwaka wa 1960, na bendera yake nyekundu ndiyo iliyokuwa ikipepea juu ya Ngome ya Mombasa. Khabari zake zilisemwa sana kwa sifa alipokuwa hai, kisha baada ya mapinduzi ya mwaka wa 1964 zikasemwa sana kwa lawama, na wasifu na walaumu wote wawili hawakulitazama sana jambo moja ambalo sisi twaliona kuwa ndilo kiini cha maisha yake. Nalo ni kuwa, kwa muda wa miaka thelathini, mtu huyu alikuwa mwenyekiti wa baraza la serikali ambalo maafisa wake hawakuwa wake. Tumependa kuyaeleza maisha yake kwa upande huo, kwani sisi watu wa mwambao tulikuwa tukihisabiwa kuwa raia wake, na yaliyompata yeye yalitupata na sisi.

Alizaliwa Maskati tarehe 26 Agosti mwaka wa 1879. Babu yake ni Seyyid Thuwaini aliyetawala Omani, na baba wa babu yake ni Seyyid Said bin Sultan, yule aliyehamishia makao ya dola yake Unguja. Aliletwa Unguja angali mtoto, zama ambazo ami yake, Seyyid Hamid bin Thuwaini, alikuwa Sultani. Basi akalelewa katika jumba la ufalme ambao ulikuwa umekwisha kutolewa roho, ukabaki mwili.

Hapana budi tueleze maana ya maneno hayo, kwani bila ya hayo hapatafahamika lolote katika yatakayofuata. Mwaka wa 1890 Unguja iliwekwa chini ya himaya ya Mwingereza. Mwaka uliofuata, Gerald Portal, wakili wa serikali ya Kiingereza, aliitengeneza serikali upya: mapato ya forodha na ya mashamba yakatiwa mikononi mwa maafisa wa Kizungu, Sultani akawekewa fungu lake maalumu la mwaka, na Lloyd Mathews, aliyekuwa mkuu wa askari wa Seyyid Barghash, akafanywa Waziri wa Kwanza. Kazi hiyo Mathews aliishika mpaka alipokufa mwaka wa 1901. Kwa hivyo, tangu mwaka wa 1891, Sultani wa Unguja alikuwa mtu mwenye mshahara katika serikali yake mwenyewe.

Aliyejaribu kulirudisha lililokwisha ondoka ni Seyyid Khalid bin Barghash. Alipokufa Seyyid Hamid, tarehe 25 Agosti 1896, Khalid aliingia katika kasri akajitawaza bila ya idhini ya Balozi. Tarehe 27 Agosti, asubuhi, manowari za Kiingereza zikalipiga kasri kwa mizinga muda usiotimia saa moja, na waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kiasi cha watu mia tano. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, akakaa Dar es Salaam. Khalifa bin Harub siku hiyo ndiyo kwanza atimize miaka kumi na saba. Kijana wa umri huo haisahau siku kama ile, na sisi twaamini kwamba mengi aliyoyafanya baadaye, na mengi zaidi aliyoyaacha asiyafanye, asili yake ni moshi wa asubuhi ile.

Baada ya hapo alitawala Seyyid Hamud bin Muhammad, kisha mwanawe Seyyid Ali, aliyesomeshwa Uingereza katika skuli ya Harrow. Seyyid Khalifa alimwoa Seyyida Matuka bint Hamud, akawa shemeji wa Seyyid Ali. Huyu Seyyid Ali hakupatana na maafisa wa Kiingereza. Kila mwaka madaraka yake yalizidi kupunguzwa, naye akapenda kukaa Ulaya kuliko kukaa kwake. Mwaka wa 1911 alikwenda huko kwa kutawazwa Mfalme George wa Tano, na tarehe 9 Disemba akaacha ufalme, asirudi tena. Alifia Paris mwaka wa 1918. Waingereza walimtafuta mtu mtulivu, mwenye dini, asiye na fitina, wakamwona Khalifa.

Mara tu alipokaa, mambo mawili yalibadilishwa. Mwaka wa 1913 Unguja iliondolewa katika mikono ya Wizara ya Mambo ya Nje, iliyokuwa ikizungumza na Sultani kama dola inavyozungumza na dola, ikatiwa katika Wizara ya Makoloni. Na mwaka wa 1914 vyeo vya Balozi Mkuu na Waziri wa Kwanza vikaunganishwa katika cheo kimoja cha Resident, ambaye watu waliendelea kumwita Balozi kama walivyozoea. Wa kwanza alikuwa Francis Pearce. Juu ya Balozi huyo akawekwa Kamishna Mkuu, na Kamishna Mkuu mwenyewe hakuwa mwingine ila Gavana aliyekaa Nairobi.

Msomaji na alitazame jambo hili vizuri. Kwa mapatano ya mwaka wa 1895, ukanda wa pwani wa maili kumi, tokea mpaka wa Vanga hata Kipini, pamoja na kisiwa cha Lamu na jirani zake, ulikuwa ni milki ya Sultani iliyokodishwa kwa Mwingereza kwa pauni 11,000 kila mwaka, pamoja na pauni 6,000 za faida ya fedha nyingine. Basi Gavana wa Nairobi alikuwa mpangaji wa Sultani katika Mombasa, na papo hapo akawa mkubwa wa Balozi wa Sultani katika Unguja. Mpangaji kumsimamia mwenye nyumba ndani ya nyumba yake mwenyewe, hilo si jambo linaloonekana kila siku! Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka wa 1925, cheo hicho cha Kamishna Mkuu kilipoondolewa.

Mwaka huo huo wa 1914 liliundwa Baraza la Himaya. Mwenyekiti wake alikuwa Seyyid Khalifa, makamu wake Balozi, na ndani yake walikuwamo maafisa na watu wachache wa mji. Lilikuwa baraza la kushauri tu. Halikupata muda wa kujulikana, kwani vita vya Wazungu viliingia. Tarehe 20 Septemba 1914 meli ya Kijerumani Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus mbele ya mji wa Unguja, na watu wakaona kuwa Mwingereza naye huzama. Dola ya Kituruki ilipoingia vitani upande wa Wajerumani na kuwaita Waislamu katika jihadi, Seyyid Khalifa alisimama upande wa Waingereza na kuwanasihi Waislamu wa nchi hizi watulie. Wako waliomlaumu kwa hayo. Sisi twasema kwamba vita vile havikuwa vya Waislamu kwa upande wowote, na kwamba aliyewanusuru watu wake wasife kwa ajili ya Kaiser hakuwadhulumu.

Vita hivyo vilimtoa Khalid mafichoni. Alitekwa mwaka wa 1917, akapelekwa kisiwa cha St Helena na Seychelles, kisha akaruhusiwa kurudi Afrika ya Mashariki, na makazi yake ya mwisho yalikuwa hapa Mombasa, akafia hapa mwaka wa 1927. Kwa hivyo yule aliyekataa kukaa chini ya Balozi alimaliza umri wake chini ya bendera ya ami zake, katika mji uliokodishwa, ilhali yule aliyekubali alikuwa ng'ambo ya bahari akifungua mkutano wa baraza jipya.

Baraza hilo jipya ndilo la mwaka wa 1926. Balozi wa wakati huo alikuwa Claud Hollis, mtu aliyeanza kazi katika nchi zetu hizi tangu mwaka wa 1897, akaandika khabari za Wavumba, na vitabu juu ya Wamasai na Wanandi, na akapata kuwa mkuu wa mambo ya wenyeji katika serikali ya Nairobi. Yeye aliliondoa lile Baraza la Himaya, akaweka mabaraza mawili. La kwanza ni Baraza la Kutunga Sheria, ambalo Balozi mwenyewe alikuwa mwenyekiti wake, na ndani yake mlikuwa na maafisa walio wengi, na watu wasio maafisa walioteuliwa: Waarabu, Wahindi na Mzungu mmoja. Mwafrika hakuwa na kiti humo mpaka mwaka wa 1946. La pili ni Baraza la Utendaji, na hili ndilo lililokuwa na mwenyekiti wake Seyyid Khalifa.

Walioketi pamoja naye walikuwa Balozi, ambaye ni makamu wake kwa jina. Katibu Mkuu wa Serikali, ambaye kila faili la nchi lilipita mezani kwake. Mwanasheria Mkuu, aliyeziandika sheria. Mtunza Hazina, aliyeshika fedha. Na maafisa wengine wa idara. Hawa wote waliajiriwa na Wizara ya Makoloni, walipandishwa vyeo nayo, na wakimaliza muda wao Unguja walihamishwa Afrika ya Magharibi au visiwa vya Amerika, kama Hollis mwenyewe alivyokwenda kuwa Gavana wa Trinidad mwaka wa 1930. Katika watu waliokaa katika chumba kile, Seyyid peke yake ndiye aliyekuwa hana pengine pa kuhamishiwa.

Sheria ikikwisha tungwa iliitwa amri ya Seyyid. Ilitolewa kwa jina lake, naye akatia mkono wake, kisha Balozi akatia mkono chini yake, na bila ya mkono wa Balozi amri haikuwa amri. Tumelifikiri sana jambo hili, na twaona kuwa katika mpango wote wa himaya hapakuwa na hila kubwa kuliko hii. Mwenye nguvu alitia mkono wa pili, asiye na nguvu akatia mkono wa kwanza. Na raia asomapo tangazo ubaoni hulisoma jina la kwanza.

Yasifahamike maneno yetu kuwa Seyyid alikuwa kinyago. Mtu akikaa katika kiti kimoja miaka thelathini, na wengine wakapita mbele yake mmoja baada ya mmoja, hupata nguvu isiyoandikwa katika karatasi. Baada ya Hollis alikuja Rankine, kisha Hall, kisha Pilling, kisha Glenday, kisha Rankine mwingine, kisha Potter. Kila mmoja alifika akiwa mgeni, akamkuta mzee yule yule, ajuaye nani ni mtoto wa nani na shamba lipi liligombewa na akina nani. Balozi mwenye akili alimsikiliza. Lakini nguvu hiyo ilikuwa ya kuzuia na kupoza. Haikuwa ya kuanzisha jambo.

Mfano wake ni mambo ya karafuu. Wenye mashamba, na wengi wao ni Waarabu, walikuwa wamezama katika madeni ya Wahindi. Mwaka wa 1934 zilitolewa amri za kuzuia ardhi isihamishwe kwa madeni, na Jumuiya ya Wakulima wa Karafuu, iliyoundwa mwaka wa 1927, ikapewa nguvu kubwa katika biashara hiyo. Wahindi walilalamika, serikali ya India ikamtuma K. P. S. Menon kuja kupeleleza, na mwaka wa 1937 wafanyabiashara wa India wakasusia karafuu za Unguja, mpaka yakapatikana mapatano mwaka wa 1938. Amri zilifikiriwa na maafisa, zikaandikwa na maafisa, na maafisa ndio waliokaa kupatana. Jina lililokuwa juu yake lilikuwa la Seyyid. Hali kadhalika mwezi wa Februari 1936, Wamanga walipofanya ghasia sokoni kwa sababu ya amri ya kukagua mbata, akauawa afisa wa Kiingereza pamoja na watu wengine: amri ile nayo ilikuwa ya Seyyid kwa jina. Miezi kumi baadaye mji ulipambwa kwa sherehe ya miaka 25 ya utawala wake.

Katika mambo yake mwenyewe alikuwa mtu wa kupendeza. Alikuwa Ibadhi, na wengi wa raia zake ni Shafi, na hapakupata kusikiwa ugomvi wa madhehebu uliotoka kwake. Makadhi wa madhehebu yote mawili walikaa pamoja katika mahakama zake. Watu wa Unguja waliizoea motokaa yake nyekundu ikipita jioni, naye akiwapungia mkono wakubwa kwa watoto. Huku kwetu alitoa mali yake katika Chuo cha Elimu ya Kiislamu cha Mombasa, kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka wa 1951, pamoja na matoleo ya Aga Khan na ya Mabohora. Chuo hicho ndicho ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Lakini nje ya kutoa, alitufanyia nini sisi wa ukanda wa maili kumi? Mwaka wa 1920 bara ilifanywa Koloni la Kenya, na pwani ikabaki Himaya, kwa sababu ni milki yake. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa katika maandiko. Katika kazi, Mombasa ilitawaliwa na Baraza la Utendaji la Gavana kule Nairobi, ambamo Katibu, Mwanasheria na Mtunza Hazina walikaa pamoja na wakubwa wa masetla waliotiwa baadaye. Liwali wetu, Sir Ali bin Salim, alipata kiti katika Baraza la Kutunga Sheria katika miaka ya 1920, ila lile baraza la ndani, palipokatwa mashauri, lilikuwa mbali na watu wa pwani. Mwafrika wa kwanza kuingia humo ni Eliud Mathu, mwaka wa 1952, naye ni mtu wa bara. Wazee wetu hawakuona haja ya kugombea kiti hicho, kwa sababu walikuwa na bendera. Waliitazama ikipepea ngomeni wakadhani kuwa wana mwenyewe. Hili twalihisabu kuwa ndilo deni la Seyyid Khalifa kwetu, kwamba yeye aliijua nguvu ya karatasi ile ilivyo, akatuachia tutulie.

Watu wa mashamba wa Unguja walikuwa wepesi wa kufahamu kuliko sisi. Mwezi wa Julai 1951, wakulima wa Kiembe Samaki, waliokuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa kiwanja cha ndege, walikataa ng'ombe zao kuogeshwa na kudungwa sindano kwa amri ya serikali. Walipofungwa, ndugu zao wakaingia mjini kuwatoa, askari wakapiga bunduki, watu wakafa. Hivyo ndivyo vilivyoitwa vita vya ng'ombe. Nao walipounda chama mwaka wa 1955, walikiita chama cha raia wa Seyyid. Wakulima wasiosoma Kiingereza waliwatenga mwenyekiti na maafisa wake, wakasema huyu wetu, wale si wetu. Chama hicho ndicho kilichokuja kujulikana kwa jina la Hizbu.

Mwaka wa 1954 Waarabu walitoka katika Baraza la Kutunga Sheria kwa sababu ya mashitaka juu ya gazeti la Al-Falaq, na aliyevunja mgomo huo, Sheikh Sultan Ahmed Mugheiry, aliuawa mwaka wa 1955. Damu ilikuwa imekwisha ingia katika siasa. Mwaka wa 1956 mabaraza yalibadilishwa tena: Seyyid aliondoka katika uenyekiti wa Baraza la Utendaji, Balozi akakaa mahali pake waziwazi, wakatiwa na wajumbe wa watu, na Seyyid akapewa baraza lake la faragha la kumshauri. Ilisemwa kuwa ni kwa heshima yake, ili asitiwe katika mabishano ya vyama. Twaona kuwa ilikuwa haki, lakini ilikuja ikiwa imechelewa miaka thelathini. Jina lilikuwa limekwisha kaa juu ya amri zote. Julai 1957 watu walipiga kura kwa mara ya kwanza, kwa viti sita, na tangu siku hiyo kila mtu aliulizwa ni wa chama gani kabla ya kuulizwa khabari zake.

Alifariki tarehe 9 Oktoba 1960, umri wake miaka themanini na mmoja, akaliliwa na watu wa vyama vyote. Mwanawe, Seyyid Abdullah, alitawala muda usiotimia miaka mitatu, akafuatiwa na mjukuu, Seyyid Jamshid. Huyu ndiye aliyefikiwa na hisabu ya zile amri zote mwezi wa Januari 1964, akaondoka kwa meli.

Ama ukanda wetu, karatasi zake zilimalizwa kabla ya hapo. Tarehe 8 Oktoba 1963, siku moja kabla ya kutimia miaka mitatu tangu kufa kwa Seyyid Khalifa, mapatano yalitiwa mkono kuwa ukanda uwe sehemu ya Kenya. Katika barua zilizoandikiana serikali za Kenya na Unguja zilitajwa ahadi: mahakama za makadhi ziendelee, watoto wa Kiislamu wasomeshwe Kiarabu, hati za ardhi ziheshimiwe, na maafisa wa sehemu za Waislamu, kwa kadiri iwezekanavyo, wawe Waislamu. Ahadi ya makadhi ilitiwa katika katiba, na katika katiba ya mwaka wa 2010 imo, kifungu cha 170. Hizo nyingine, kila mtu wa Mombasa, Malindi na Lamu anajua amepata kiasi gani.